Tepu ya Fundi na Samaki wa Jinja

Tulifungua sanduku la mama siku ya tatu baada ya arobaini yake, mimi na wadogo zangu wawili, tukiwa tumeketi chini katika chumba kilekile cha mtaa wa Namakwekwe tulimokulia. Juu kulikuwa na leso mpya ambazo hakuwahi kuzivaa, alikuwa anaziwekea siku ambayo haikufika. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, tulikuta tepu ya kupimia nguo. Ilikuwa ya manjano zamani, sasa imekuwa rangi ya chai. Ncha yake moja bati limetoka, na mahali pa bati pameshonwa uzi mwekundu. Mdogo wangu wa kike akainusa, akasema inanuka karafuu. Nikainusa mimi, nikasema inanuka samaki. Walinicheka sana, eti uzee umenianza puani. Wacheke tu. Wao walikuwa wadogo, hawakwenda Jinja.

Nataka kuieleza siku ile nikiwa bado nina kumbukumbu zangu zote. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa vita vile vilikuwaje. Mnakumbuka foleni ya sukari, mnakumbuka sabuni ya kukatiwa kwa wembe, mnakumbuka jinsi mtu mzima alivyoweza kuondoka asubuhi kwenda kazini na ikawa basi. Baba yangu aliondoka hivyo. Alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kilikuwa mbele ya duka la Mwarabu mmoja karibu na soko la Mbale. Siku moja alipata kazi ya kushona sare za watu fulani Jinja, akachukua mkasi wake na kofia yake, akasema atalala siku mbili. Tepu aliisahau kwenye msumari. Mama alituma mtu amkimbilie nayo kituo cha magari, mtu akarudi nayo, gari limeshaondoka. Baada ya hapo vita vikaingia, vikapita, askari wa kwanza wakakimbia, askari wa pili wakaja, tukaanza kusikia habari ya kujenga nchi. Baba hakurudi.

Tangu hapo nyumbani kwetu hatukula samaki. Na si sisi tu. Mama wa mukene alikuwa akipita na beseni lake kichwani, dagaa wakavu wakimetameta, na mtaa mzima unamwangalia tu kama mtu aliyekosea njia. Nilipomuuliza mama kwa nini, aliniambia samaki wa siku hizi wanaleta upele. Niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mama akisema kitu kinaleta upele, basi kinaleta upele. Lakini siku moja nikiwa uani nachambua mchele, nilimsikia jirani yetu akimnong'oneza mwenzake juu ya ukuta wa bafu: wale waliopelekwa Jinja waliishia majini, na samaki ndio wanaojua walipo.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi. Ngojeni niwaambie kwa nini, na msinicheke kama wadogo zangu. Madrasa tulikuwa tumefundishwa kisa cha nabii aliyemezwa na samaki mkubwa, akakaa tumboni mwake anaomba Mungu, akatapikwa ufukweni akiwa mzima. Baba yangu alikuwa hakosi swala. Hata akiwa na kazi ya watu kumi na Idi ni kesho, adhana ikilia alikuwa anashusha mguu kutoka kwenye cherehani. Kama yuko ndani ya samaki, nilijiambia, basi anaomba, na kama anaomba, basi yu hai. Kilichobaki ni kumpata samaki mwenyewe. Siri hiyo niliibeba peke yangu, miezi mingi, na ilinipa usingizi mzuri.

Mama hakuwa na usingizi huo. Mara mbili alikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu kumwomba baba aswaliwe swala ya aliye mbali, ili naye akae eda kama mwanamke yeyote aliyefiwa. Mara mbili sheikh alimrudisha. "Mama Zaituni," alimwambia, nami nikiwa nyuma ya baibui lake, "nionee huruma. Bila shahidi nitamswaliaje mtu? Nikimswalia na kesho akabisha hodi, nitamwambia nini?" Basi mama akawa katikati. Kila Alhamisi alipaka hina miguuni, maana alikuwa mke wa mtu na mume anaweza kufika Ijumaa. Herini zake hakuzivua. Watu hawakujua wampe pole au wamuulize habari, kwa hiyo wengi waliacha kuja kabisa. Nilimwona mama yangu akikonda huku amepaka hina, na hilo ni jambo ambalo simwombei mtu.

Ndipo ikaja barua ya shule. Mwalimu Wandera, mwalimu wetu wa sayansi, Mkristo mmoja mrefu mwenye viraka magotini na moyo wa dhahabu, alikuwa amepata rafiki katika idara ya samaki kule Jinja. Rafiki huyo alikuwa na boti. Injini ya boti iliibwa wakati wa vita, lakini mlingoti haukuibwa, na walikuwa wameushonea tanga. Watoto ishirini wa Mbale wangekwenda siku moja kujifunza kuendesha tanga na kuona vilivyomo ndani ya ziwa. Mzazi atie sahihi au dole gumba.

Mama alikataa kabla sijamaliza kusoma. "Jinja? Wewe? Nitakufunga kamba kwenye kitanda." Nililia siku mbili. Siku ya tatu Mwalimu Wandera alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani.

"Mama Zaituni," akasema, "mimi sikulazimishi. Lakini watoto hawa wameogopa mpaka wameoza. Ukitaja Jinja wananyamaza kama makaburi. Ziwa ni lao. Nani atawapa?"

Mama akanigeukia. "Unalilia nini huko Jinja, mwanangu?" Nadhani aliona usoni pangu kitu ambacho hakukipenda, lakini alichukua kalamu. Akanipa masharti mawili. Nisitie mkono wangu majini. Na nisile samaki wao, hata kama nitakufa njaa. Niliapa.

Asubuhi ya safari nilipanda kiti, nikaitoa tepu msumarini, nikaifunga kiunoni chini ya gauni la shule. Nilifikiri hivi: mtu aliyekaa tumboni mwa samaki muda wote huo huenda amesahau watu. Akiiona tepu yake atanijua.

Tulikwenda kwa lori la shule, tumesimama, tukiimba mpaka kizuizi cha kwanza cha barabarani, na baada ya hapo hatukuimba tena. Bugembe tulinunuliwa mahindi ya kuchoma. Jirani yangu wa dawati, Nambozo, mtoto wa Wanale ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni yale yanayoshuka mlimani wakati wa mvua, alinishika mkono tulipofika ukingoni. "Zai," akasema, "ng'ambo iko wapi?" Hata mimi sikuiona.

Rafiki wa mwalimu aliitwa Bwana Isabirye, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alitupokea kama wajumbe wa serikali. Pembeni yake alisimama mtu wa tatu, askari, bunduki begani, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Bwana Isabirye alisema ni Afande Okurut, amepewa kazi ya kulinda chombo na kila anayepanda, tusimwogope. Tulimwogopa papo hapo, wote ishirini. Ninyi mnajua. Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikisikia kwanza kutoka midomo ya watu wenye kofia ile.

"Nyinyi watoto ingia moja moja," akasema. "Hapana sukumana. Maji hapana rafiki."

Tukaingia. Boti ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri na kuukuu kuliko nilivyotumaini. Kitu cha kwanza nilichokiangalia ni tanga, maana mimi ni mtoto wa fundi. Wallahi, ule mshono ulikuwa aibu. Turubai la kijeshi limeungwa na shuka, uzi mmoja tu, hatua ndefu kama za mtu anayekimbia deni. Baba angeufumua wote asubuhi hiyohiyo na kuurudia. Nilijisikia vizuri kuwazia hivyo. Bwana Isabirye akatugawa makundi, hawa wavute kamba, hawa walegeze, huyu ashike usukani pamoja na mwalimu. "Vuta! Legeza! Kichwa chini, boriti inapita!" Boriti ikapita, tanga likatuna, na boti ikaondoka bila sauti yoyote. Nambozo alitapika mahindi yote ya Bugembe. Mimi sikuhisi chochote tumboni. Nilikuwa kazini.

Tulipofika mbali kidogo, Bwana Isabirye alitoa sahani ya bati, nusu nyeupe nusu nyeusi, imefungwa kamba yenye mafundo. Alisema wanaishusha majini kupima mwanga unafika wapi. Sisi tuinamie ukingo tuiangalie, asiyeiona tena anyooshe mkono. Niliinama kuliko wote mpaka mwalimu akanishika mkanda wa gauni. Sahani ikashuka ikiwa nyeupe, ikawa ya kijani, ikawa kivuli. Mikono ikaanza kunyooka. Wangu sikuunyoosha. Niliendelea kusema naiona, naiona bado, hata pale nilipokuwa sioni kitu zaidi ya uso wangu mwenyewe.

"Zaituni huyu ana macho ya tai," akasema Bwana Isabirye, akacheka. "Mafundo manne tu, watoto. Hapo ndipo mwisho wa kuona. Chini ya hapo ni giza."

"Na chini kabisa ni mafundo mangapi?" nikauliza.

"Chini kabisa kamba hii haifiki. Hii ni fupi."

Niliumia. Mtu anatoka Mbale mpaka Jinja na kamba ni fupi! Wakapitisha wavu wa kitambaa laini, wakatuonesha kwenye kioo cha kukuzia vijidudu vinavyorukaruka ndani ya tone moja la maji, na wenzangu wakashangilia. Mimi nilitazama kwa adabu. Nilikuja kutafuta mtu wa inchi sitini na sita, ndivyo baba alivyojipima kwa tepu yake, wananionesha vitu vidogo kuliko chawa.

Kisha wakavuta nyavu zilizotegwa tangu alfajiri, na ndani yake alikuwamo samaki mmoja mkubwa, sangara, wale ambao Jinja wanawaita mputa. Macho ya dhahabu, mdomo kama wa mtu anayetaka kubisha. Bwana Isabirye akasema kwanza tumpime, kisha tumpasue tuone amekula nini, ndiyo kazi yao ya kila siku. Akatafuta ubao wake wa kupimia. Akatafuta tena. Akakumbuka kwamba ulichukuliwa na wale waliochukua injini, pengine kuwashia moto.

"Nani ana rula?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Nikageuka upande, nikaifungua tepu kiunoni, nikamnyooshea. Watu walicheka, mwalimu hakucheka. Bwana Isabirye akanipa ncha yenye uzi mwekundu niishike mdomoni mwa samaki, yeye akaivuta mpaka mkiani. Ute wa samaki ukaingia ndani ya nambari. Inchi arobaini na mbili.

Nilifanya hesabu palepale. Sitini na sita toa arobaini na mbili. Hata akijikunja vipi, haenei. Nilijua kabla kisu hakijaingia kwamba si huyu, lakini bado nilisogea nikasimama mstari wa mbele, na nilianza kuomba dua ile ya nabii, kimoyomoyo, mara nyingi niwezavyo. Kisu kikaingia. Tumbo likafunguka. Kulikuwa na kamba wadogo, weupe, wengi, na mukene sita au saba waliokwisha lainika. Bwana Isabirye akawapanga juu ya bati mmoja mmoja akituambia majina yao. Nikasema Alhamdulillahi, kisha macho yakanijaa machozi, na sikujua nimefurahi au nimevunjika moyo.

Nilipogeuka kujifuta ndipo nilipomwona Afande Okurut. Wote walikuwa wamemzunguka samaki, yeye alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ametazama upande ambako mto unatoka ziwani, mkono mmoja umeshika mlingoti. Na alipogeuza shingo, hakunitazama mimi. Aliitazama tepu.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa kukaanga na mihogo, kimetoka ufukweni kwenye kapu lililofunikwa majani ya ndizi. Lo, harufu yake! Tulikuwa na njaa ya upepo. Wenzangu, hata wale ambao kwao hawakuwa wamegusa samaki tangu vita, walitazamana kwanza, halafu mmoja akamega, halafu wote wakamega. Mwalimu aliwaangalia, uso wake mtulivu. Mimi nilichukua muhogo wangu mkavu nikaenda kukaa nyuma. Hapo nilimkuta afande. Kipande chake alikuwa amempa Nambozo, ambaye tumbo lake lilikuwa tupu na sasa alikula kwa wawili.

"Wewe hapana kula?" akaniuliza.

"Mama alinikataza, afande."

"Mama yako iko na akili."

Nikajipa moyo. "Na wewe?"

"Mimi?" Akatafuna muhogo polepole. "Mimi hapana kula samaki tangu vita."

Nilimwona mtu wangu. Niliwaza, kumbe naye ana ndugu yake huko chini, kumbe naye anangoja. Uoga ukaniisha wote. Alininyooshea mkono, akaniomba tepu, nikampa. Akaikunjua mpaka kwenye ncha, akauweka uzi mwekundu juu ya kidole gumba, akaupitisha pitisha kama mtu anayesoma.

"Hii ya nani?"

"Ya baba. Ni fundi wa Mbale. Alikuja Jinja kushona, hajarudi. Anachechemea."

Tanga lilipigapiga, mwalimu akapaza sauti mtu avute kamba.

"Mguu ya kushoto," akasema afande.

"Ndiyo!" Nilikaribia kuruka. "Unamjua?"

"Alikuwa anauliza tepu yake ya uzi nyekundu kila siku," akasema. "Anasema, mimi nitapima watu na nini? Anapima na uzi. Suruali yangu alipima na uzi, ikatoka sawasawa." Aliikunja tena tepu, taratibu, duara juu ya duara, akanirudishia kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Mimi wakati ile nilikuwa nalinda geti. Geti tu. Wewe sikia. Ukifika kwa mama yako, wambia yeye hapana ngoja."

"Asingoje nini?"

"Wambia hivyo tu. Hapana ngoja." Akainuka, akaiweka bunduki begani, akaenda mbele, na mpaka tunashuka hakunitazama tena.

Furaha niliyorudi nayo kwenye lori lile siwezi kuieleza. Baba yangu anajulikana Jinja! Baba anashona suruali za maafande kwa uzi! Niliielewa ile "hapana ngoja" kwamba mama asikae tu bure, afanye bidii kutafuta, labda aende mwenyewe. Nambozo alilala begani kwangu akinuka samaki, na mimi nilipanga maneno.

Tulifika jua linaelekea kuzama nyuma ya nyumba. Mama alikuwa mlangoni, na najua alikuwa hapo tangu mchana. Alinikagua mikono kwanza, kisha akanusa kinywa changu bila aibu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, sahani, kamba fupi, samaki wa inchi arobaini na mbili, tepu. Aliposikia tepu alifungua mdomo kunigombeza. Nilipofika kwa afande akaufunga.

"Ulimwambia mguu gani?"

"Sikumwambia, mama. Alisema mwenyewe. Wa kushoto."

Alikaa chini juu ya kizingiti. Nikamwambia habari ya uzi na suruali. Nikamwambia, "Amesema usingoje." Hakuuliza nini. Aliangalia miguu yake, hina ya Alhamisi bado ikiwa nyekundu.

"Huyo afande," akasema, "alikula samaki?"

Nilidhani bado ananichunguza mimi. "Mimi sikula, mama, wallahi! Nilikula muhogo."

"Sikuulizi wewe. Yeye."

"Hakula. Alisema hali tangu vita."

Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema. Mimi nilikaa katika usiku huo miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku nilipokuwa nachagua samaki sokoni ndipo mkono wangu ulipoganda juu ya beseni. Mama aliuliza swali lile kwa sababu alijua kuna watu wa aina mbili walioacha samaki. Kuna waliopoteza mtu, na kuna walioona. Mpaka leo sijui afande yule alisimama upande gani wa lile geti, kama alifungua tu na kufunga, au kama mikono yake ilifanya kazi nyingine. Kuna siku namlaani. Kuna siku namwombea, kwa sababu angeweza kunyamaza kama wenzake, akala samaki wake akashiba.

Kesho yake asubuhi mama alinishika mkono tukaenda kwa sheikh. Sheikh alitusikiliza akiwa kibarazani, tasbihi mkononi. Akauliza kwa upole kama kawaida yake: shahidi ni nani? Mama akasema ni askari, jina analijua mtoto. Sheikh akauliza, je, askari huyo ametamka kwamba mume wako amekufa? Mama akasema hapana, hakutamka.

"Sasa, Mama Zaituni..."

"Sheikh," mama akasema, "mtu yule aliujua mguu wa mume wangu, na hali samaki."

Tasbihi ikasimama. Sheikh naye alikuwa mtu wa Mbale, na nyumbani kwake pia mama wa mukene alikuwa anapita moja kwa moja. Alinitazama mimi. "Mtoto, ulimwona kwa macho yako, chakula kipo mbele yake na hakula?"

"Nilimwona, sheikh. Kipande chake alimpa Nambozo."

Sheikh alivua miwani yake, akaifuta kwa kanzu muda mrefu. "Ijumaa tutamswalia," akasema. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Mama akainua mikono, akavua herini moja, akavua ya pili, akaziweka katika kiganja changu. Zilikuwa na joto la masikio yake. Hapo ndipo nilipoelewa wanataka kufanya nini, na nikashikwa na hasira ambayo sijaipata tena maishani.

"Msimswalie!" nikapiga kelele. "Mama, mwambie angoje! Wamepasua samaki mmoja tu, tena mdogo, inchi arobaini na mbili, Baba hawezi kuenea humo! Wako wakubwa, Bwana Isabirye atapasua wengine. Na ile sahani haikufika chini, mama. Kamba yao ilikuwa fupi!"

Sheikh aligeuza uso wake ukutani. Mama alipiga magoti mbele yangu palepale kwenye vumbi la kibarazani, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye hina, na kwa mara ya kwanza tangu vita niliona anaweza kulia mbele ya watu.

"Kamba imetosha, mwanangu," akasema. "Imefika."